MAREJEO NI NGAMANI: Tarakilishi za Mitandao Miwili Zinapokataa Kusikizana



Wahenga walisema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Tezi ni nyuma ya chombo, omo ni mbele, na ngama ni pale chini katikati ya chombo. Maana yake ni kwamba hata ukizunguka vipi, mwisho utarudi. Sisi wa Garissa hatuna majahazi, tuna Mto Tana na mitumbwi yake, lakini methali hii imetufaa sana muhula uliopita katika jambo ambalo wahenga hawakulijua: mtandao wa tarakilishi. Makala haya ni somo. Ukiyasoma mpaka mwisho utaweza kutafuta kosa kama hili wewe mwenyewe, bila kungoja fundi atoke Nairobi.

1. KISA CHENYEWE

Shule yetu ina majengo mawili yenye tarakilishi. La kwanza ni maabara ya kompyuta, ambamo kuna seva iliyohifadhi karatasi za mitihani ya miaka iliyopita na maelezo ya masomo yote. La pili ni maktaba, yenye tarakilishi sita na ile printa moja tunayoijua. Kati yake kuna kebo iliyozikwa ardhini, kama mita 60. (Kebo ya shaba ya mtandao isizidi mita 100, ukipita hapo ishara huchoka njiani.)

Siku ya Alhamisi jioni, wakati Kidato cha Nne walikuwa wanajiandaa kwa majaribio ya Jumatatu, maktaba ilikatika. Seva haipatikani, intaneti haipatikani. Watu arobaini wamekaa na madaftari yao, wanatazama kioo kitupu.

Basi likatafutwa kosa, na kama kawaida alitafutwa mtu. Kijana mmoja wa Kidato cha Pili alikuwa ameonekana na jembe karibu na ile njia ya kebo, akipanda miche ya mwarobaini. Ikasemwa ameikata. Akaambiwa Ijumaa asubuhi aende akamlete mzazi. Ndugu msomaji, mzazi wake yuko Hulugho, karibu na mpaka wa Somalia. Ukiijua barabara ile utaelewa kwa nini yule kijana hakula chakula cha jioni.

Mimi nilinyamaza. Nilinyamaza kwa sababu mchana ule ule nilikuwa nimegusa ruta ya maktaba, kwa idhini ya mwalimu, ili tuweze kuchapisha kurasa za jarida hili kutoka maabara. Nilijiambia, ati badiliko dogo kama lile haliwezi kuleta balaa. Lakini nilipolala usingizi haukuja. Ndipo nikamwendea mwalimu wa kompyuta na kumwambia, "Mwalimu, naomba tupime kwanza kabla yule kijana hajasafiri."

Akanijibu, "Haya, tupime. Lakini tupime kwa utaratibu, si kwa kubahatisha."

2. BULLA MBILI NA NAMBA ZA NYUMBA

Kabla ya kupima lazima tuelewe tunachopima. Kila tarakilishi katika mtandao ina anwani, yaani namba nne zilizotenganishwa kwa nukta. Maabara yetu ina anwani zinazoanza na 192.168.10, na maktaba 192.168.20. Anwani za 192.168 zilitengwa rasmi mwaka wa 1996 zitumike ndani ya majumba, shule na ofisi tu. Huwezi kuzitumia katika barabara kuu ya intaneti.

Sasa fikiria mji wetu. Kuna Bulla hii na Bulla ile, na katika kila bulla kuna nyumba. Anwani 192.168.20.15 ni nyumba ya 15 katika bulla ya 192.168.20. Tarakilishi hujuaje jina la bulla linaishia wapi na namba ya nyumba inaanzia wapi? Hiyo ndiyo kazi ya maski. Maski ya 255.255.255.0 inasema: namba tatu za kwanza ni bulla, ya mwisho ni nyumba. Maski ya 255.255.0.0 inasema: namba mbili za kwanza tu ndizo bulla. Mpango huu wa kugawa mtandao mmoja katika mitandao midogo uliwekwa katika kanuni za intaneti mwaka wa 1985, na mpaka leo tunautumia.

Tarakilishi ikitaka kutuma pakiti hujiuliza swali moja tu: "Huyu ni wa bulla yangu ama si wa bulla yangu?" Akiwa wa bulla yake, inamwita moja kwa moja kwa sauti, "Nani 192.168.10.50?" Asipokuwa wa bulla yake, haiiti. Inaikabidhi pakiti kwa lango, yaani ruta, na kuiachia ruta ijue njia.

Lango la maabara ni ruta kuu, 192.168.10.1, ile inayotoka kwenda intaneti. Lango la maktaba ni ruta ndogo yenye miguu miwili. Mguu mmoja uko ndani ya maktaba, 192.168.20.1. Mguu wa pili unakanyaga bulla ya maabara kupitia ile kebo, 192.168.10.2. Ruta hii ndogo ndiyo daraja letu la Tana, na yenyewe imekaa upande wa maktaba.

3. TULIVYOPIMA HATUA KWA HATUA

Chombo cha kwanza ni amri ya ping. Iliandikwa na Mmarekani Mike Muuss mnamo Desemba 1983, na jina lake linafuata mlio wa chombo cha manowari cha kupimia vitu majini: unatuma mlio, unangoja mwangwi. Kanuni ni moja: anzia karibu, endelea mbali. Usiruke hatua.

Tulikaa kwenye tarakilishi ya maktaba, namba 15.

Hatua ya kwanza: ipconfig. Amri hii inaonyesha anwani, maski na lango. Zote zilikuwa sawa.

Hatua ya pili: ping 192.168.20.1, yaani lango letu. Likajibu. Kwa hiyo waya wa ndani ya maktaba na swichi ni vizima.

Hatua ya tatu: ping 192.168.10.2, mguu wa pili wa ruta. Ukajibu.

Hapo wengi tungeshangilia, "Kebo ni nzima!" Mwalimu akatikisa kichwa. "Hapana. Umeongea na ruta iliyo mbele yako. Mguu wa pili uko ndani ya boksi lile lile. Sauti yako haijapita kwenye kebo hata hatua moja." Ndugu msomaji, shika sana neno hili, maana hapa ndipo mafundi wengi huteleza.

Hatua ya nne: ping 192.168.10.50, seva yenyewe. Kimya. Ikaandika kwamba muda wa kungoja umekwisha.

Hatua ya tano: tukatoka na tochi (stima ilikuwa imepotea sehemu ya bweni), tukaenda maabara, tukakaa kwenye seva yenyewe, tukaandika ping 192.168.10.2. Ikajibu! Mara nne kati ya nne, bila kupoteza hata moja.

Hebu fikiri. Safari hii mlio umetoka maabara, umepita ardhini chini ya miche ya mwarobaini, umefika maktaba na kurudi. Kebo ni nzima. Yule kijana hakukata kitu.

Mwalimu hakusubiri tumalize. Alimtuma kiranja aende bwenini kumwambia afungue begi lake.

4. NJIA YA KWENDA IPO, YA KURUDI JE?

Bado tatizo lilikuwepo. Kebo nzima, ruta nzima, seva nzima, na hakuna kusikizana. Chombo cha pili ni amri ya tracert. Amri hii huonyesha kila lango ambalo pakiti inapitia. Tukaandika kutoka kwenye seva: tracert 192.168.20.15.

Mstari wa kwanza ukasema 192.168.10.1. Mistari iliyofuata ilikuwa nyota tupu.

Umeona? Seva ilipotaka kuongea na maktaba, ilijiuliza lile swali lake, ikaona 192.168.20 si bulla yake, ikaikabidhi pakiti kwa lango, ruta kuu. Na ruta kuu haijawahi kuambiwa kwamba kuna bulla inayoitwa 192.168.20. Ruta isiyojua njia hufuata barabara yake ya kawaida, ile ya intaneti. Kwa hiyo pakiti iliyokuwa inaenda maktaba, mita 60 kutoka pale, ilishika njia ya Nairobi, zaidi ya kilomita 350! Na huko mbele anwani za 192.168 hazitambuliwi, ikatupwa.

Hii ndiyo siri ya kimya kile. Swali kutoka maktaba lilikuwa linafika kwenye seva. Jibu ndilo lililopotea. Kwenda kulikuwepo, kurudi hakukuwepo. Kwa macho ya aliye maktaba mambo haya mawili yanafanana kabisa, kwa maana yeye anachoona ni kimya tu.

Sisi watu wa hapa tunalijua jambo hili kwa mwili. Wakati wa mafuriko ya Novemba 2023, na tena Aprili 2024, daraja la Tana lilikuwa limesimama pale pale, lakini barabara ya upande wa Madogo ilifunikwa na maji. Mtu aliyetazama daraja peke yake angesema njia ni nzuri. Mwenye mgonjwa au mzigo wa nyanya upande wa pili alijua kwamba daraja bila barabara si njia.

5. KOSA LANGU

Sasa nieleze nilichogusa. Ruta nyingi za madukani hutoka kiwandani zikiwa na tabia ya kuficha anwani za ndani. Pakiti ikitoka maktaba, ruta inafuta jina la mtumaji, inaandika lake, 192.168.10.2. Ni sawa na sisi tunapotumia sanduku la posta la shule. Barua zote zinarudi kwa sanduku moja, kisha ofisi inagawa. Kwa hiyo seva ilikuwa inamjibu jirani yake 192.168.10.2, na mambo yalikuwa mazuri.

Lakini tabia hiyo ina ubaya wake. Aliye nje hawezi kumwita aliye ndani. Ndiyo sababu maabara haikuweza kufikia printa ya maktaba. Mimi nikaizima hiyo tabia, nikidhani nimefungua mlango. Kweli niliufungua, lakini tangu dakika ile kila pakiti ilitoka na anwani yake halisi ya 192.168.20, na hakuna mtu huko nje aliyejua bulla hiyo iko wapi. Hata intaneti ya maktaba ilikufa kwa sababu hiyo hiyo, kwani majibu yalifika ruta kuu na kukosa pa kwenda.

6. DAWA

Dawa ni kuifundisha ruta kuu njia moja. Ingia kwenye ukurasa wake wa mipango, tafuta mahali pa njia za kudumu, uandike mambo matatu:

Mtandao unaotafutwa: 192.168.20.0
Maski yake: 255.255.255.0
Lango la kupitia: 192.168.10.2

Kwa Kiswahili cha kawaida: "Ukiona mtu wa bulla ya 20, mwelekeze kwa ruta ndogo." Tukahifadhi. Saa nne kasoro robo usiku ping kutoka maktaba kwenda ruta kuu ikajibu, na intaneti ikarudi.

Na kama huna neno la siri la ruta kuu? Unaweza kuifundisha seva peke yake. Kama inatumia Windows, fungua dirisha la amri kwa ruhusa ya msimamizi, uandike:

route -p add 192.168.20.0 mask 255.255.255.0 192.168.10.2

Ile -p hufanya njia ikumbukwe hata mashine ikizimwa. Njia hii pia hufaa pale ruta kuu inaposhuku majibu ambayo haikuona maswali yake, ikayatupa. Lakini jihadhari: itasaidia seva tu. Tarakilishi nyingine za maabara na intaneti ya maktaba vitabaki kama vilivyokuwa.

7. MAKOSA MENGINE MAWILI YALIYOJIFICHA

Tulidhani tumemaliza. Kumbe bado. Ukiondoa mwiba mkubwa ndipo unahisi midogo.

La kwanza: tarakilishi za kawaida za maabara zilijibu, seva ikakataa. Hapa mlaumiwa alikuwa faiawoli, askari wa mlangoni. Katika Windows, ruhusa za ping na za kugawana mafaili mara nyingi huwa za majirani wa bulla moja tu. Mgeni wa bulla ya 20 anazuiwa hata kama njia ni safi. Tukamwambia askari aruhusu pia 192.168.20.0 yenye maski 255.255.255.0. Wengine humzima askari kabisa. Usifanye hivyo! Unaweza kumzima kwa dakika moja ili kuthibitisha kwamba ni yeye, kisha mrudishe kazini na umpe maagizo sahihi.

La pili: tarakilishi moja ya maktaba, namba 17, ilikuwa haijawahi kupata seva tangu iletwe, ingawa intaneti ilikuwa inapata. Watu walisema imezeeka. Tulipoandika ping haikusema muda umekwisha. Ilisema yenyewe, kwa anwani yake yenyewe, kwamba anayetafutwa hafikiki. Tofauti hii ni kubwa. "Muda umekwisha" ni kama umetuma barua na hujajibiwa. "Hafikiki" inayotoka kwako mwenyewe ni kama barua haijatoka mkononi. Tukatazama ipconfig: maski 255.255.0.0. Basi iliiona seva ya 192.168.10.50 kama jirani wa bulla moja, ikawa inamwita kwa sauti ndani ya maktaba badala ya kwenda kwa lango. Aliyeitwa hayupo, nani ataitika? Tukabadilisha 0 moja kuwa 255, "uzee" wote ukaisha.

8. KWA NINI SOMO HILI NI LETU

Mtu anaweza kusema mambo haya ni ya Nairobi. Si kweli. Kebo za baharini za SEACOM na TEAMS ziliingia Mombasa mwaka wa 2009, na mkongo wa taifa wa NOFBI umefika mji wetu. Huko Dadaab, kama kilomita 100 kutoka hapa, mashirika ya misaada yaliunganishwa mwaka wa 2012 kwa mtandao ulioitwa DadaabNet. Kila palipo na ofisi mbili, zahanati na duka lake la dawa, au maabara na maktaba, pana bulla mbili na njia baina yake. Fundi akitoka mbali ni siku nzima na pesa nyingi. Afadhali ajue mtoto wa hapa.

Na kuna somo la pili lisilo la tarakilishi. Tulikuwa tayari kumpeleka mwenzetu Hulugho kwa sababu alionekana na jembe. Amri moja ya ping, iliyochukua sekunde nne, ilitosha kumsafisha. Mimi niliyejua nimegusa ruta ndiye ningepaswa kusema kwanza. Nilimwomba msamaha mbele ya wenzake Ijumaa gwarideni. Akacheka, akasema, "Ndugu, nawe umerudi ngamani." Miche yake ya mwarobaini imeshika.

9. MUHTASARI WA KUBANDIKA UKUTANI

(a) Uliza kwanza: nini kilibadilishwa leo, na nani?
(b) Tazama anwani, maski na lango kwa ipconfig.
(c) Ping lango lako, kisha mguu wa pili wa ruta, kisha mashine ya mbali.
(d) Nenda upande wa pili, upime kutoka huko. Usiache hatua hii.
(e) Tumia tracert pande zote mbili. Tazama pakiti inapopotea.
(f) Hakikisha kila ruta inajua njia ya kwenda na ya kurudi.
(g) Mwisho, mtazame askari wa mlangoni.
(h) Badilisha jambo moja kwa wakati, na uliandike kwenye daftari.

10. ZOEZI

1. Tarakilishi A ni 192.168.10.8 na B ni 192.168.20.8, zote zina maski 255.255.255.0. Je, A itamwita B moja kwa moja au itapitia lango? Eleza.
2. Kutoka maktaba, mguu wa 192.168.10.2 unajibu lakini 192.168.10.50 haijibu. Kwa nini huwezi kusema kebo ni nzima?
3. Maktaba inafika maabara lakini maabara haifiki maktaba. Taja sababu mbili zinazowezekana.

Majibu: (1) Itapitia lango, kwani namba tatu za kwanza hazifanani. (2) Kwa sababu mguu huo uko ndani ya ruta iliyo upande wako. Pakiti haijavuka kebo. (3) Ruta ya maktaba inaficha anwani za ndani. Au faiawoli za tarakilishi za maktaba zinazuia wageni.

Atakayepata yote matatu bila kuchungulia majibu aje maabara Jumamosi; kuna ruta ya zamani tumeiweka ya kujifunzia, na hiyo unaruhusiwa kuikosea upendavyo.